Mashine Imeandika, Nani Amekubali?

Kila mtu aliyepata kuhudhuria mkutano katika nchi yetu alijua neno "yatokanayo". Ni lile fungu la ajenda ambalo katibu husimama, akafungua daftari, akasoma mambo yaliyoamuliwa katika kikao kilichopita, ili wajumbe waulizane: Je, yamefanyika? Neno lenyewe ni zuri, maana laonyesha kwamba katika maneno hapana budi kitoke kitu. Walakini sisi wanafunzi tunaoketi nyuma ya bwalo twajua kwamba aghalabu hakitoki kitu. Katibu husoma, watu huitikia kwa vichwa, na jambo huhamishiwa kikao kijacho, kama mgeni akaaye mwezi mzima asipewe jembe.

Mimi ni katibu wa Baraza la Wanafunzi, na kwa kazi hiyo huitwa katika mikutano ya wazazi ili nisaidie kuandika. Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze jambo lililotupata hapa shuleni, kisha nitoe maoni yangu juu ya mashine hizi mpya zinazosikiliza mikutano na kuandika orodha ya kazi za kufanywa. Sisemi kama mtaalamu. Nasema kama mtu aliyeliona jambo kwa macho yake, na ambaye, kama mtakavyosikia, ana sehemu yake katika kosa.

Wote mwajua habari ya tangi la saruji la bweni la wasichana. Lilipata ufa chini, likawa halishiki maji. Katika mkutano wa kwanza wa wazazi baada ya ufa huo, daftari lasema: "Ilikubaliwa tangi litengenezwe." Katika mkutano wa pili lasema: "Ilisisitizwa kwamba tangi litengenezwe haraka." Litengenezwe! Neno hilo halina mwenyewe. Litengenezwe na nani? Siku gani? Kwa fedha ipi? Lugha yetu yatupa njia hiyo rahisi, ya kuagiza kazi nzima bila kumtaja hata mtu mmoja wa kuifanya, nasi twaipenda kwa sababu haimkwazi mtu. Wakati huo wote dada zetu waliamka saa kumi alfajiri, wakashuka kisimani bondeni na ndoo, gizani, kisha wakaja darasani wakisinzia juu ya madaftari.

Katika mkutano wa tatu mzazi mmoja afanyaye kazi katika ofisi mjini alikuja na simu yenye programu ya kusikiliza mikutano. Aliiweka mezani mbele ya Mkuu wa Shule, akasema, "Leo hatutapoteza neno." Watu wakacheka, mkutano ukaendelea.

Programu za namna hiyo si kitu cha siri tena. Kampuni ya Zoom ilitoa yake Septemba 2023, Microsoft ikaanza kuuza yake kwa makampuni Novemba 2023, na Google ikafuata mwaka 2024; na ziko nyingine nyingi. Kazi yake ni ya hatua tatu. Kwanza, huigeuza sauti kuwa maandishi, na kujaribu kutenganisha sauti ya mtu huyu na ya yule. Pili, maandishi hayo husomwa na akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, nayo imefundishwa kwa maandishi mengi mno hata yaweza kukisia ni neno gani lafaa kufuata neno jingine. Tatu, huambiwa: toa humu mambo yaliyoamuliwa, na kila kazi uiandikie mtu wake na siku yake. Basi huleta orodha. Jambo la kukumbuka ni kwamba hatua zote tatu ni za kukisia. Mara nyingi mashine hukisia vizuri, lakini haikuwamo katika mkutano kama sisi tulivyokuwamo.

Jioni ile ile orodha ikaletwa katika simu za wazazi, nasi tukapewa nakala moja ya karatasi. Sisi makatibu huchukua wiki mbili kuandika kumbukumbu, na mashine ilitumia dakika chache tu. Karatasi ilikuwa na safu tatu: kazi, mtu, siku. Nakiri kwamba nilifurahi sana. Kwa mara ya kwanza lile neno "litengenezwe" lilipewa mtu. Niliweka karatasi ile ndani ya daftari langu nikadhani kazi ya ukatibu imekwisha.

Sasa sikieni yaliyofuata.

Katika mkutano ule babu mmoja, ambaye mjukuu wake yumo Kidato cha Pili, alisimama akasema kwa uchungu, "Ningekuwa na uwezo kama zamani, kesho ningeleta saruji mifuko kumi." Kila aliyekuwamo bwaloni alielewa. Mzee alikuwa anasikitika, tena kwa njia ya adabu alikuwa anawahimiza wenye uwezo. Mashine iliandika: "Ataleta saruji mifuko kumi, kesho." Herufi chache katikati ya kitenzi zilipotea, na majuto ya mzee yakawa ahadi. Wazazi ambao hawakuhudhuria wakasoma orodha, wakamshukuru katika simu. Baada ya siku chache shukrani zikageuka maswali: Mzee, saruji i wapi?

Wiki mbili baadaye nilikuwa langoni, nikaona mkokoteni waja na mifuko minne ya saruji, na babu yule anaufuata kwa miguu. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitika, "Marahaba mjukuu wangu. Mwambie Mkuu wako mifuko sita bado, nitaileta nikijaliwa." Baadaye mjukuu wake alitueleza kwamba babu alikuwa ameuza mbuzi wawili mnadani. Nyumbani walipomwambia kwamba hakuahidi, aliwajibu, "Jina langu limeandikwa na watu wote wamelisoma. Nitasimama wapi niseme sikusema?"

Hapa ndipo kosa langu lilipo. Katika daftari langu la mkono, siku ya mkutano, nilikuwa nimeandika "ningeleta". Nilipoona karatasi ya mashine yasema "ataleta", nilidhani mimi ndimi niliyesikia vibaya. Nilichukua kalamu nikafuta neno langu, nikaandika lile la mashine. Hakuna aliyenilazimisha. Karatasi ilikuwa imepigwa chapa vizuri, nami mwandiko wangu ni mbaya. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yangu yote.

Kosa la pili lilihusu saa. Mkuu wa Shule alisema fundi akipatikana aje Jumatatu saa mbili asubuhi, na mtunza stoo awepo na funguo. Programu ile ilitoa orodha yake kwanza kwa Kiingereza, kisha ikageuzwa kuwa Kiswahili, na njiani "saa mbili" ikawa 2:00 kwa hesabu ya Kizungu, na hiyo 2:00 ikaandikwa mchana, yaani saa nane yetu. Fundi alikuja asubuhi kama alivyoambiwa, akakuta stoo imefungwa, akangoja chini ya mwembe hadi saa nne, akaenda zake. Mtunza stoo, mtu mwaminifu, alikuja saa nane kama karatasi ilivyomwagiza, akangoja yeye naye. Dada zetu wakashuka bondeni wiki nyingine.

Tena, fundi yule alitoka wapi? Hilo ndilo kosa la tatu. Mama mmoja aliyeketi nyuma karibu na mlango alisema kwa sauti ndogo, wakati wengine wakibishana juu ya mchango, "Mimi nina shemeji yangu fundi, nitamwona Jumamosi." Simu ilikuwa mezani mbele, haikumsikia. Jina lake halikuandikwa popote katika orodha. Lakini Jumamosi ilipofika alikwenda akamwona shemeji yake, kama alivyosema. Katika mambo yote ya siku ile, kazi moja iliyofanyika kwa wakati wake ndiyo ile ambayo mashine haikuiandika. Na mtu mmoja aliyetimiza ahadi ambayo hakuitoa ndiye babu yule.

Huenda mtu akasema, basi tuitupe mashine, turudi kwenye daftari letu la zamani. Mimi sikubali. Wala si mashine iliyowashusha wasichana kisimani kwa vikao viwili. Ni daftari letu, pamoja na "litengenezwe" yake. Mashine ilituonyesha ugonjwa wetu. Ilipotafuta mtu wa kuandika katika safu ya pili na kumkosa, ilikisia. Kama sisi wenyewe tungalimtaja mtu kwa sauti mbele ya watu, isingalikuwa na haja ya kukisia. Chombo kinachotuuliza "nani?" na "lini?" ni chombo kizuri, maana maswali hayo mawili tumeyakwepa miaka mingi.

Wengine, na hasa baadhi ya walimu wetu, wanaogopa kwamba wanafunzi tutakuwa wavivu, tusijue tena kusikiliza wala kuandika muhtasari. Hofu hiyo ina haki, na mfano wake ni mimi. Lakini dawa yake si kuzuia mashine. Dawa ni kuweka daftari la katibu na karatasi ya mashine mezani pamoja, na zinapotofautiana, kuwauliza watu waliosema. Mwanafunzi atakayefanya hivyo atajifunza kusikiliza kuliko zamani, kwa kuwa atalazimika kujua tofauti ya "nitaleta", "ningeleta" na "ningalileta", na kwa nini kila moja ina uzito wake.

Yafaa pia tujue kwa nini mashine hukosea zaidi kwetu kuliko kwa wengine. Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iitwayo Whisper, nayo ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Karibu theluthi mbili ya saa hizo zilikuwa za Kiingereza. Lugha nyingine zote ziligawana zilizobaki, na Kiswahili kilipata sehemu ndogo mno. Hata kwa Kiingereza chenyewe, wachunguzi walioipima programu hiyo, na kutoa matokeo yao mwaka 2024, walikuta kwamba katika kila vipande 100 vya sauti, kama kimoja kiliandikiwa maneno mazima ambayo hakuna aliyeyasema, na hayo yalizidi mahali msemaji aliponyamaza kwa muda mrefu. Sisemi kwamba programu ya mzazi wetu ndiyo hiyo. Nasema kwamba hata mashine mashuhuri huweza kujaza kimya cha mtu kwa maneno. Na katika mikutano yetu kimya ni kingi, tena kina maana yake.

Hayo ya lugha yatapungua. Tangu mwaka 2017 shirika la Mozilla limekuwa na mradi uitwao Common Voice, ambamo watu hujitolea kusoma sentensi ili sauti zao zifundishe mashine, na Kiswahili kimo. Lakini hata siku mashine itakapojua Kiswahili kama mzee wa Unguja, litabaki jambo moja ambalo haiwezi kulifanya, nalo ni kukubali kazi kwa niaba ya mtu. Mtu akisema "sawa" mkutanoni, huenda amekubali, au amesikia tu, au amechoka anataka kwenda nyumbani. Akisema "tutaona", sote twajua kwamba hataki ila anaogopa kumvunjia heshima mwenyekiti. Akisema "Mungu akipenda", huenda ni ahadi ya kweli, au ni kwaheri. Njia ya kujua ni moja: kumwuliza mwenyewe, palepale, mbele ya watu, na kungoja jibu lake.

Kwa hiyo naleta mashauri yangu kwa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu, nayo ni haya.

Kwanza, mashine isiwashwe kabla watu wote hawajaambiwa kwamba ipo na inafanya nini, na mtu apewe nafasi ya kukataa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo yatukumbusha kwamba habari za mtu hazichukuliwi ovyo. Yanapofika mambo ya ugonjwa wa mwanafunzi, au adhabu, au umaskini wa nyumba fulani, izimwe. Katibu ataandika kwa mkono yale yanayopasa kuandikwa, basi.

Pili, mkutano usifungwe kabla orodha ya kazi haijasomwa kwa sauti. Kila aliyetajwa asimame aseme "Nimekubali", au aseme "Hapana", au arekebishe. Kazi ambayo mwenyewe hakuiitikia ifutwe hapo hapo. Asiyekuwapo asipewe kazi kamwe, maana ni desturi mbaya ya mikutano yetu kuwatwika mizigo wale waliokosa kuja.

Tatu, mwenyekiti awaulize waliokaa nyuma, na hasa akina mama, kama kuna neno lao ambalo halikusikiwa. Simu haina masikio ya kufika mlangoni, na pengine hata mwenyekiti hana.

Nne, orodha iandikwe kwa Kiswahili na ibandikwe katika ubao wa matangazo, na saa ziandikwe kwa maneno: saa mbili asubuhi, saa nane mchana. Wengi wa wazazi wetu hawana simu za kusoma orodha, lakini wana miguu ya kufika langoni.

Tano, katika kikao kifuatacho, yatokanayo yaanze na majina. Katibu asisome tena "tangi litengenezwe". Asome, "Fulani alikubali kumleta fundi siku fulani," na fulani ajibu. Akiwa ameshindwa, asizomewe. Aseme kilichomshinda, apate msaada. Mtu akiogopa kuzomewa hataikubali kazi tena, nasi tutarudi kwenye "litengenezwe".

Mashauri hayo si ndoto. Baada ya jambo la babu, Mkuu wa Shule alikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, nami nilifuatana naye, kwa kuwa daftari lilikuwa langu. Wazazi walichanga wakamrudishia bei ya mifuko minne, ijapokuwa mbuzi walikuwa wamekwisha kwenda na wenyewe hatukuwapata. Kisha katika mkutano wa mwisho wa muhula huu tukajaribu njia mpya. Mashine iliwashwa, watu wakiwa wameambiwa. Mwishoni ilitoa kazi 12. Tulizisoma moja moja. Saba zilikubaliwa kama zilivyoandikwa, tatu zikarekebishwa, mbili zikafutwa kwa sababu hazikusemwa na mtu. Kazi hiyo ilituchukua robo saa tu. Jina la yule mama wa nyuma liliposomwa, maana safari hii aliulizwa, alisimama akasema, "Nimekubali," akaketi. Babu naye alikuwapo. Mwenyekiti alipouliza kama yuko mwenye la kuongeza, mzee alisema, "Mimi leo sina kazi, na nimefurahi kwamba imeandikwa hivyo." Bwalo zima lilicheka, naye akacheka.

Tangi sasa lashika maji. Dada zetu huamka saa kumi na moja na nusu kama sisi wengine, na ndoo zimerudi kufanya kazi ya kufulia. Saruji iliyoziba ufa ule ni ile mifuko minne, nami kila nipitapo pale huikumbuka.

Wenzangu, mashine hizi zitazidi kuja. Zitakuwamo maofisini tutakakoajiriwa na katika vyama vyetu vya ushirika, na hata katika vikao vya harusi. Tuzipokee, tena tuzitumie kwa bidii. Lakini tusizipe kile ambacho si chao. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni huanza katika kinywa cha aliyeahidi. Karatasi kazi yake ni kulikumbusha. Nanyi mtakaoshika kalamu ya ukatibu baada yangu, mkiona daftari lenu lasema hivi na mashine yasema vile, msifute upesi. Inueni mkono mwulize.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano,
Katibu wa Baraza la Wanafunzi